Mizani, vijiko, jagi au vikombe? Ununue nini kwanza kama unaoka nyumbani hapa Uganda

Keki ya kwanza niliyomwokea mtu mwingine ilikuwa ya bathidei ya mtoto wa dada yangu, hapa Jinja, Walukuba, na resipi ilikuwa ya Kimarekani niliyoitoa kwenye simu: unga vikombe viwili, sukari kikombe kimoja na nusu, maziwa kikombe kimoja, mafuta nusu kikombe, mayai mawili, beking pauda vijiko viwili na nusu vya chai. Nikachukua kikombe, na kikombe chenyewe si ndio tumpeco ya pale jikoni, ile tunayonywea chai ya maziwa tangu utoto, nikapima kila kitu kwa uaminifu kabisa nikaweka kwenye oveni. Saa nzima imepita katikati bado uji. Saa moja na nusu, juu imeungua, ukikata ndani ni kama tofali bichi. Dada hakusema neno, alitoka kimya kimya akaenda kununua keki dukani na watoto wakaimba.

Mimi niliilaumu oveni miezi mingi. Siku niliyonunua mizani ndio nikapima tumpeco yangu kwa maji, na mizani ikasoma karibu gramu 500, yaani nusu lita, wakati kikombe cha Mmarekani ni mililita 240 hivi. Kwa hiyo unga, sukari na maziwa niliweka mara mbili na zaidi, lakini mayai yalibaki mawili na beking pauda ilibaki vile vile. Hapo ndipo penyewe. Ukipima kila kitu kwa kikombe kimoja, hata kikiwa kikubwa, uwiano haubadiliki, na ndio maana mabibi zetu walioka maandazi matamu kwa kikombe chochote kile, wao walikuwa wanaongeza hamira na maji kwa kuangalia donge. Lakini resipi ya kisasa inachanganya lugha tatu kwa wakati mmoja, vikombe, vijiko na idadi ya mayai, na kikombe chako kikikosea basi vile vingine haviwezi kukifuata.

Basi hapa nimepanga vifaa vya kupimia kwa utaratibu ambao mimi ningevinunua leo kama ningeanza upya na hela kidogo. Bei nitakazotaja ni zile nilizokutana nazo mimi mwenyewe, Jinja na Kampala, kwako zinaweza kupanda au kushuka kutegemea duka na jinsi unavyojua kuongea.

NAMBA MOJA: mizani ya dijitali ya jikoni

Sitaki kuzunguka, kama una hela ya kitu kimoja tu nunua hii. Ile bapa au ile ya plastiki nyeupe yenye bakuli, inayobeba kilo 5 mpaka 10 na kuhesabu gramu moja moja. Iliyojaa kila mahali ni ile iliyoandikwa SF-400, utaikuta Kikuubo, lile soko la jumla la Kampala, utaikuta kwenye maduka ya vifaa vya keki, mpaka kwa wale wanaotandaza vyombo pembeni ya barabara. Mimi nimeiona kuanzia elfu ishirini na tano mpaka elfu arobaini, mashine ile ile. Zipo pia za kioo, bapa kabisa, nzuri kwa macho na rahisi kufuta, lakini ukiweka bakuli pana linafunika kale kakioo ka namba na unabaki unainamisha shingo kama unachungulia chini ya kitanda. Kama mabakuli yako ni mapana chukua yenye namba zilizojitokeza mbele.

Angalia betri kabla ya kuangalia rangi. Zinazotumia betri za kawaida za AA ndizo za kununua, kwa sababu hizo betri ziko kila duka hata kijijini, lakini zile zinazotumia kale kabetri bapa kama sarafu zitakusumbua siku imekufa Jumamosi jioni na keki ni ya Jumapili asubuhi. Zipo za kuchaji kama simu siku hizi, hizo pia sawa. Na betri ikianza kuchoka mizani inaanza kusoma vitu vya ajabu kabla haijazima, namba zinapanda zenyewe wakati hakuna kitu juu, ukiona hivyo usiendelee kupima, badilisha kwanza.

Usiilipie kabla hujaipima pale pale dukani. Mwambie muuzaji aweke betri, akikataa nenda duka la pili. Kisha fanya hivi: beba chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, iweke katikati, isome gramu 500 na kidogo, hicho kidogo ni plastiki ya chupa na kifuniko na yale maji ya ziada ya kiwandani. Ikisoma 470 au 560 iache. Halafu isogeze kwenye kona moja, kona ya pili, namba isibadilike zaidi ya gramu moja mbili. Halafu iondoe uirudishe mara tano, kila mara isome ile ile. Hii ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mizani inayokosea kwa gramu tatu kila siku unaweza kuishi nayo, lakini inayosema 512 sasa hivi na 498 baada ya dakika moja hiyo haina kazi jikoni. Kuna muuzaji aliniambia mama hii ni orijino haina haja ya kupimwa, nikamwambia kama ni orijino basi haitaogopa chupa ya maji, na kweli ikafeli kwenye kona, nikachukua nyingine kwenye boksi lile lile ikafaulu. Kwa hiyo hata za jina moja hazifanani, pima ile ile unayoondoka nayo.

Kitufe kilichoandikwa TARE ndio roho ya mashine yote. Weka bakuli, bonyeza, inarudi sifuri, mimina unga mpaka 250, bonyeza, mimina sukari mpaka 200, bonyeza, maziwa. Bakuli moja, hakuna vikombe vya kuosha, na hata Blue Band ile inayong'ang'ania kwenye kijiko unaweka kopo lote juu ya mizani, unabonyeza sifuri, unachota, na ile namba yenye alama ya kutoa ndiyo uliyotoa. Kitufe kingine kinabadilisha vipimo, gramu, aunsi, na nyingine zina mililita. Chunga hiki. Vidole vyenye unga vinakibonyeza bila wewe kujua na unajikuta unapima aunsi, na aunsi moja ni gramu 28 na kidogo. Na ile mililita ya mizani inadhani kila kitu ni maji, kwa maji na maziwa haina shida, lakini mafuta ya kupikia mililita 100 ni kama gramu 92 na asali mililita 100 inafika gramu 140, kwa hiyo mafuta na asali soma kwa gramu tu.

Ukimwaga kitu polepole sana, kidogo kidogo, hizi mizani za bei nafuu hazisikii, unaona namba imesimama wakati unamwaga, ukigusa bakuli ndio inaruka. Na chini ya gramu 5 usiiamini kabisa. Kwa hiyo hamira, chumvi, beking pauda, hivyo vinapimwa na vijiko, kifaa namba mbili hapo chini.

Kitu kingine, mizani hii ni ya jikoni tu, usikae nayo dukani kumuuzia mtu sukari ya kupima. Mizani ya biashara ni ile inayokaguliwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda, na kubandikwa stika, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Sasa ukishakuwa na mizani, resipi za vikombe utazigeuza vipi? Mimi nimeandika kwenye karatasi nikabandika ndani ya mlango wa kabati, na namba zangu za kikombe cha Kimarekani ni hizi: unga wa ngano gramu 120 mpaka 125, sukari nyeupe 200, sukari ya kahawia iliyoshindiliwa 200 mpaka 220, maziwa au maji 240, mafuta ya kupikia 215 hivi, siagi 227, kakao 85, asali 340. Yai moja kwenye resipi za Wamarekani ni gramu 50 bila ganda, na hapa kwetu ukinunua trei ya mayai ya kisasa utakuta mengi yanakaribia hapo, lakini mayai ya kienyeji ni madogo, kwa hiyo resipi ikisema mayai matatu mimi navunja mpaka mizani isome 150, yanaweza kuwa manne, sijali.

Unga ndio mwongo mkubwa kuliko vyote kwenye resipi za vikombe. Ukiuchota kwa kikombe kutoka kwenye mfuko unashindilia bila kutaka, unapata gramu 140, 150 na hata zaidi. Ukiuvuruga kwanza, ukaujaza kwa kijiko taratibu na kusawazisha kwa mgongo wa kisu, unapata 120 na kitu. Kikombe ni kile kile, mikono ni ile ile. Kwenye vikombe vitatu hiyo tofauti inafika gramu 75 au 90, yaani zaidi ya nusu kikombe kingine cha unga, halafu tunashangaa keki imekauka tunasema unga wa siku hizi umeharibika.

NAMBA MBILI: seti ya vijiko vya kupimia, na bomba la sindano

Usicheke hilo bomba, nalielezea sasa hivi.

Vijiko vya kupimia ni vile vinavyoshikana kwenye pete, kikubwa kimeandikwa tbsp, yaani kijiko cha chakula, mililita 15, halafu tsp, kijiko cha chai, mililita 5, halafu nusu na robo. Ukifungua resipi ya Australia kijiko chao kikubwa ni mililita 20, wao peke yao, kwa hiyo ya kwao soma vijiko vitatu na ujue ni vinne vya kwako. Vijiko vyetu vya nyumbani vya kukorogea chai havina kipimo chochote, nimepima vya kwangu nimekuta kimoja mililita 3 na kingine karibu 6, na vyote viwili tunaviita kijiko cha chai. Ukifikiria kwamba beking soda ikizidi nusu kijiko tu keki inakuwa na ladha ya sabuni, unaelewa kwa nini hii nimeiweka namba mbili na sio namba sita.

Nunua vya chuma, namba ziwe zimechimbwa kwenye mkono sio kuchapwa kwa rangi. Vya plastiki vya rangi rangi vinavutia na vinaanzia elfu tano, lakini baada ya kuosha miezi mitatu maandishi yamefutika na unabaki unakisia kipi ni nusu kipi ni robo. Vya chuma nimenunua elfu kumi na mbili na sasa ni mwaka wa nne. Ukipata vyembamba vya umbo la yai chukua hivyo, vinaingia kwenye mdomo wa kopo la beking pauda, vya duara vinagoma.

Shida ni kwamba vingine vimeandikwa 15 lakini havibebi 15. Hapa ndipo bomba la sindano linapoingia. Nenda duka la dawa lolote, nunua bomba la mililita 5 na la mililita 20, bila sindano, ni hela kidogo kabisa. Hicho ni kifaa cha hospitali, mistari yake iko sawa kuliko kitu chochote utakachouziwa kwenye duka la vyombo. Vuta maji mililita 5, mwaga kwenye kijiko cha chai, kijae mpaka ukingoni bila kumwagika. Kikimwagika kijiko ni kidogo, kikibaki na nafasi ni kikubwa, andika pembeni ukweli wake na uendelee kukitumia. Na hilo bomba usilitupe, vanila, rangi ya chakula, maji ya ndimu, mimi napima nayo hivyo vyote. Lile la 20 nalitumia pia kuhakiki kikombe kama mizani imezima. Na kama hela hakuna kabisa, kile kijiko cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya watoto kina mstari wa mililita 5, kioshe vizuri, ndio kijiko chako cha chai mpaka mwezi uishe.

Neno moja kuhusu resipi zetu za Kiswahili, zile zinazotumwa kutoka Mombasa na Dar kwenye WhatsApp. Zinasema kijiko kimoja cha hamira, basi. Kipi? Angalia unga. Kama unga ni nusu kilo na hamira ni ya chengachenga kavu, kijiko cha chai kimoja na nusu mpaka viwili kinatosha, kijiko cha chai kimoja cha hamira ya papo hapo ni kama gramu 3, na pakiti ndogo ya gramu 7 ni vijiko viwili na robo. Kama unga ni kilo moja na zaidi ndipo kijiko cha chakula kinaleta maana. Kwa beking pauda kijiko cha chai kimoja mpaka kimoja na robo kwa kila gramu 120 za unga, ukiona resipi inataka vijiko vitatu vikubwa kwa vikombe viwili vya unga jua aliyeandika alichanganya. Na magadi sio beking soda, naomba tuelewane hapo, hata kama yote yanaitwa soda sokoni.

Chumvi nayo ina mtego wake. Resipi za Kimarekani nyingi zinasema chumvi ya kosha, ile ya chembe kubwa nyepesi, kijiko cha chai cha aina moja inayotumika sana huko kina gramu 3 hivi, lakini chumvi yetu laini ya mezani kijiko hicho hicho ni gramu 6. Weka nusu.

NAMBA TATU: jagi lenye mistari

Kama una mizani, maji na maziwa unaweza kupima kwa gramu, mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo jagi sio lazima siku ya kwanza. Lakini ukianza kuoka kila wiki utalitaka. La kioo nene ndilo bora, maziwa ya moto hayalitishi na mistari inakaa, ila bei yake ni ya kukaa na kufikiria. La plastiki angavu la lita moja ni elfu sita mpaka kumi na linatosha, mradi mistari iwe ya kila mililita 50, maana yale yenye mstari kila 250 unakisia tu. Liweke mezani, uinamie wewe mpaka jicho liwe sawa na mstari, usilinyanyue juu, mkono hauwezi kukaa sawa. Na lihakiki nyumbani, weka juu ya mizani, sifuri, mimina gramu 500 za maji uone kama yamefika kwenye 500. La kwangu la kwanza mstari wa 500 ulikuwa kwenye 540. Unga usiupime humo hata kama pembeni wameandika unga.

NAMBA NNE: mizani ndogo ya sonara

Hii ni ile ya mfukoni inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, inabeba gramu 200 au 500 tu. Ni ya nani? Ni ya anayeoka mkate wenye hamira kidogo sana ya kulala usiku kucha, au anayeuza keki na anataka kila oda itoke sawa na ya wiki iliyopita. Kwa wengine wote vijiko vinatosha. Ukiinunua iweke kwenye boksi lake ukimaliza, ukiangushia kitu kizito juu yake ndio mwisho.

NAMBA TANO: seti ya vikombe vya kupimia

Najua wengi wananunua hii kwanza, ndiyo inayoonekana kwenye video zote, na mimi nimeiweka ya tano kwa makusudi. Ukiwa na mizani hivi vikombe vinabaki kuwa vijiko vikubwa vya kuchotea. Lakini kuna mtu hataki mambo ya betri, sawa, basi nunua ukijua unanunua nini, kwa sababu neno kikombe halina maana moja.

Kikombe cha Marekani ni kama mililita 237, wengi wanasema 240. Kikombe cha vipimo vya mita, wanachotumia Australia na kilichojaa kwenye seti nyingi za madukani, ni 250. Japani ni 200. Na kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na mashine ya kupikia wali, ambacho nimekuta marafiki zangu wawili wanakitumia kwa keki, ni 180. Ukitumia hicho kwenye resipi ya Kimarekani unapunguza robo ya kila kitu isipokuwa mayai na beking pauda, ni tatizo lile lile la tumpeco yangu ila limegeuzwa upande wa pili, keki inafura vizuri halafu inazama katikati. Resipi za zamani za Uingereza ndio kabisa, wao wana painti ya mililita 568, kwa hiyo nusu painti ni 284, lakini Waingereza wa sasa wanaandika gramu na ndio maana mimi nikitafuta resipi kwenye simu naanza na za kwao.

Tofauti ya 240 na 250 isikunyime usingizi, seti yoyote kati ya hizo mbili ni sawa mradi utumie hiyo hiyo kwa kila kitu. Geuza kikombe uangalie chini au mkononi, kama hakuna mililita zilizoandikwa kiache. Na seti iwe na nusu, theluthi na robo, theluthi ndiyo wanayoiruka kwenye seti za bei ya chini.

Mama yangu ana daftari la mapishi la tangu zamani na humo hakuna vikombe wala gramu, kuna ratili. Ratili moja ya unga, nusu ratili ya sukari, robo ratili ya siagi. Ratili ni gramu 454 hivi, na robo yake ni 113, na nilifurahi sana siku nilipogundua kwamba ile stiki moja ya siagi ya Wamarekani inayowachanganya watu wote ni gramu 113. Ni robo ratili ya mama. Tangu hapo nikisoma stiki mbili najua nusu ratili, nusu kopo dogo la Blue Band la gramu 500 ukiondoa kidogo, nimemaliza.

NAMBA SITA: mizani ya springi

Ile yenye mshale na bakuli juu. Haina betri, haizimi, na kwa mtu anayepiga maandazi ya kilo tano kila asubuhi ni rafiki mzuri. Kwa keki moja ya nyumbani hapana, mistari yake mingi ni ya gramu 25 au 50 na springi inachoka kadiri miaka inavyokwenda. Ukiinunua angalia mshale uko kwenye sifuri kabla ya kuweka kitu, kuna kagurudumu ka kurekebisha.

Kabla ya ya mwisho, kuna mambo mawili ambayo hakuna kifaa kitakusaidia. Resipi ikisema oveni 350 na imeandikwa na Mmarekani, hiyo ni Farenhaiti, kwetu ni 175 mpaka 180, na oveni nyingi za nyumbani hata hazifiki 350 ya Selsiasi kwa hiyo usiizungushe mpaka mwisho ukidhani umefuata. Na sisi tuko juu. Ziwa lenyewe, Nalubaale, yaani Viktoria, liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, Kampala inakaribia 1,200, Kabale inakwenda kama 2,000. Resipi ya Mombasa imeandikwa ufukweni, na huku juu vitu vinafura haraka zaidi. Hapa Jinja mimi sibadilishi sana, labda nikiona keki inafura haraka halafu inakaa chini napunguza beking pauda kidogo, lakini shemeji yangu aliye Kabale anaondoa robo kabisa, vijiko viwili anaweka kimoja na nusu, anaongeza na maziwa vijiko viwili vya chakula, na donge lake la mkate analiangalia kwa macho sio kwa saa kwa sababu huko linafura mapema.

NAMBA SABA: tumpeco

Ndiyo, nimeirudisha. Kuna mwezi hela ya mizani haipo na mtoto bado anataka keki, na sitaki mtu asubiri. Chukua tumpeco moja, moja tu, ambayo haitatumika kwa chai tena. Kanunue lile bomba la mililita 20 duka la dawa. Iweke mahali tambarare, mwagia mabomba kumi na mawili ya maji, hizo ni 240, weka alama palipofika maji. Ongeza au punguza upate na nusu yake, mabomba sita, 120. Alama zangu nilizichora kwa nje kwa rangi ya kucha nyekundu, nikizipima kwa rula kutoka chini, kwa sababu ndani rangi inaingia kwenye chakula. Unga ujaze kwa kijiko, usishindilie, tingisha mara moja tu usawazike. Keki ya mtoto wa dada ya mwaka uliofuata niliipima hivyo, mizani nilikuwa nimemwazima jirani, na safari hii dada aliondoka na kipande cha kumpelekea mumewe.